Mlango wa Kuutazama Mlima

Kwa Kibiriti,
S.L.P. Naro Moru.
6 Septemba, 1970.

Mpenzi Saumu,

Pokea salamu zangu, tena uzipokee kwa mikono miwili kwa kuwa zimechelewa. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mama na wadogo zako wote hapo Majengo, na kwamba mguu wa mama umepoa hata anaweza kwenda sokoni bila kuegemea mtu. Mwambie simsahau katika sala zangu, ingawa najua atacheka na kuuliza ni sala za upande gani. Sisi huku tu wazima. Baridi ya mwaka huu imezidi, lakini baridi si ugonjwa. Wamae yuko nje anapasua kuni. Amesema nikusalimu sana, na nikuambie kwamba ile pilau mliyotupikia siku ya harusi yetu bado anaiota.

Hongera, Saumu! Hongera mara elfu! Ami yako Huseni aliponiambia kwamba posa ya Muhammad imekubaliwa, na kwamba mtaoana kabla ya mfungo, niliruka pale pale katikati ya soko la kondoo mpaka watu wakageuka kunitazama. Mzee mmoja aliuliza kama nimeumwa na siafu. Sikujali. Nilikuwa kama mtu anayeolewa mara ya pili.

Ndoa ni tamu, rafiki yangu, sitakuficha. Wewe unanijua. Shuleni mlinicheka kwa sababu nilikuwa nikijificha nyuma ya maktaba kusoma hadithi za mapenzi, na mkasema wanaume wa namna ile huzaliwa vitabuni na kufia humo. Basi mmoja alizaliwa Mukurweini. Kila asubuhi Wamae huamka kabla yangu, akawasha moto, akapasha maji ya kunawa, kisha huniletea chai kitandani juu ya sinia, na kitambaa kimekunjwa pembe tatu, vile vile alivyokuwa akiwapelekea wageni katika hoteli aliyofanyia kazi Nyeri. Huinama kidogo na kusema, "Chai yako, Madamu," nami hucheka mpaka chai inamwagika. Mama mkwe alipotutembelea na kuliona lile sinia, aliketi chini akauliza ni ugonjwa gani ninaougua. Na jioni Wamae hupasha jiwe la mtoni karibu na makaa, akalifunga kwa kipande cha gunia na kuniwekea miguuni. Saumu, mwanamume anayeijua miguu yako ilivyo baridi ni zawadi. Namwombea Muhammad awe hivyo hivyo.

Lakini barua hii si ya hongera peke yake. Ami Huseni alinipa ujumbe wako, kwamba wewe na Muhammad mngependa kuja kufanya fungate yenu hapa kwetu, muwe wageni katika hoteli yetu. Nilikwambia mwezi wa pili kwamba hoteli imefunguliwa na inapendeza, wala sikukuambia zaidi ya hapo. Kwa hiyo unastahili jibu, nami siwezi kukujibu kwa neno moja. Vumilia nianze mbali.

Unakumbuka tulivyoletwa hapa tukiwa kidato cha pili? Mwalimu wa jiografia alikuwa ametuahidi barafu. Tulitoka Nyeri na lori la shule asubuhi mapema, na tulipoiacha barabara kuu kuingia njia ya udongo, mvua ikaanza, na haikuwa na nia ya kukatika. Mlima haukutuonyesha hata kidole. Tulichokiona ni wingu, na chini ya wingu nyumba ya mawe yenye madirisha yaliyovunjika, nasi tumebanana barazani tukila mkate uliolowa. Matope yakameza kiatu chako kimoja, ukarudi Nyeri mguu mmoja umefungwa sweta langu. Ulisema mtu akikuuliza dunia inaishia wapi, wewe utamwonyesha, kwa sababu umefika. Tangu siku hiyo, darasa letu likitaka kusema jambo ni baya kupita kiasi, tulisema, "Hiyo ni Kwa Kibiriti." Hata ugali wa Alhamisi ulikuwa Kwa Kibiriti.

Huyo Kibiriti alikuwa mzungu mwenye shamba. Vibarua walimpa jina hilo kwa kuwa kiko chake kilikuwa hakikai na moto, kutwa anakiwasha. Alikuwa akiwapokea wazungu wenzake waliokuja kuvua samaki mtoni. Baada ya Uhuru aliuza shamba, akaenda zake kwao, na hakuna aliyekuja tena. Watu wetu hawali samaki, wewe wajua, na hawaoni kwa nini mtu alale mbali na kwake kwa ajili ya mto.

Basi nifikirie mimi, siku chache kabla ya harusi, Wamae anaponiambia kwamba fungate yetu itakuwa Kwa Kibiriti. Nilitaka kulia. Nilikuwa nimeota kulala pale hotelini kwao Nyeri, mimi nikiwa mgeni, yeye akiwa mgeni, na wenzake wakituletea supu. Nilimsimulia habari za lori na kiatu chako. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema mahali pale nilipaona siku moja tu, tena siku yake mbaya, na kama yeye angehukumiwa kwa siku yake moja mbaya, mimi nisingekuwa mchumba wake. Ungejibu nini, Saumu? Nilifunga nguo zangu.

Na kesho yake baada ya kufika, alfajiri, alinitoa nje nikiwa nimejifunga blanketi. Mbingu ilikuwa safi. Mlima ulikuwa hapo. Sisemi kule, nasema hapo, kama mtu aliyeingia chumbani bila kubisha. Nilikuwa nikisema jambo, sijui jambo gani, nikajikuta nimeshusha sauti. Theluji ilikuwa bado ya kijivu, halafu ncha moja ikapata mwanga, halafu ya pili, na Wamae alikuwa amenishika begani. Kabla ya saa nne mlima ulikuwa umejifunika tena. Nikamwambia nataka kuishi hapa. Nilisema mimi, Saumu, si yeye. Nataka ulijue hilo.

Shamba lilikuwa limenunuliwa na chama cha watu wa Mukurweini na Kiriaini, na kila mtu alikuwa ameshagawiwa kipande chake, ila nyumba ilibaki bila kazi. Mwenyekiti wa chama ni mzee Kingori, mtu mpole, mzee wa kanisa, anayevaa kofia hata akiwa zizini. Wamae alimwendea akamweleza kwamba nchi sasa inapata wageni kutoka Ulaya na Amerika, kwamba wote wanapelekwa mahali pale pale wanapokanyagana, na kwamba kuna watu watakaofurahi kupata mahali pasipo na watu. Kamati ikatupa nyumba bila masharti, isipokuwa moja: siku chama kitakapohitaji ghala la viazi, na hoteli iwe haina wageni, tutatoka. Niliona sharti hilo ni dogo. Kwangu ile ilikuwa nyumba yetu. Sikuwa nikiishi chumba cha nyuma ya jiko la mama mkwe kama dada zangu wote. Nilikuwa na mlango wangu, na mume wangu, na mto.

Sasa nije kwenye mlango.

Kibiriti alikuwa amejenga nyumba yake kinyumenyume. Baraza na mlango mkubwa viliangalia Nyandarua, jua linakotua, na upande wa mlima alikuwa ameweka ukuta mtupu wa mawe, mnene, bila hata tundu la kupitisha panya. Kila mtu aliyeiona alisikitika. Babu yake Wamae alikuwa mtu wa kusali amesimama, uso mlimani, na hakuna nyumba aliyoijenga iliyoupa mlima mgongo. Wamae akasema hiyo ndiyo sababu mahali hapa palikosa baraka. Mzungu hakujua alipojenga. Tukipageuza, tutakuwa tumepapa nafasi ya pili kweli kweli, na mgeni atafungua macho asubuhi auone mlima akiwa kitandani.

Hakuna aliyepinga. Nami nilisema amina, tena kwa sauti. Mwezi wa kwanza, jua likiwaka, watu wa chama walikuja na nyundo na mitaimbo, wanawake wakabeba mawe wakiimba, tukautoboa ule ukuta na kuweka mlango mpana wa mbao za mtarakwa. Mawe tuliyoyatoa tukazibia mlango wa upande wa Nyandarua, kwa sababu nyumba haiwi na vinywa viwili. Kazi ilipokwisha, mzee Kingori alisimama katika mlango mpya, akavua kofia, akaomba. Mlima ulikuwa wazi siku hiyo. Wazee walilia. Ngatia peke yake, yule mwenye viazi vingi kuliko sisi sote, alisema ni mlango mzuri ila ni mkubwa kwa ng'ombe na mdogo kwa lori. Watu wakamzomea.

Halafu majira yakageuka, na upepo ukaanza kushuka mlimani.

Sitakuchosha. Upepo huo huja jioni, na huja moja kwa moja, kama umeitwa. Mbao zetu zilikuwa mbichi, zikakauka zikaachana. Mahali pa moto pako upande wa pili, mkabala na mlango. Upepo unaingia, unausukuma moshi urudi ndani badala ya kupanda bomba, na moshi hauna pa kutokea kwa sababu pa kutokea tumepaziba kwa mikono yetu. Ukizima moto, unaganda. Ukiuwasha, huoni aliyeketi karibu nawe. Nimeziba nyufa kwa matambara, kwa udongo, kwa uji wa unga. Ngatia alipita siku moja, akasimama nje akikohoa kwa makusudi, akatuambia, "Nyinyi mnasema ati hamna mgeni? Iko mgeni mmoja, na huyo hataki kwenda. Moshi!" Wamae alicheka sana. Alimwalika chai.

Mgeni wa kweli alikuja mara moja. Kampuni moja ya Nairobi inayozungusha watalii ilituma bwana mmoja, naye akaja na wazungu wawili, mume na mke, watu wa makamo, wapole. Niliwaandikia kadi za kuwakaribisha kwa Kiingereza nilichofundishwa. Wamae alikaanga samaki, akaweka maua ya porini mezani. Walifika mchana, mlima ukiwa umejifunika. Wamae akawaambia wasubiri kesho alfajiri, wataona ajabu. Jioni waliuliza kama wanaweza kuketi barazani walitazame jua likitua, kwa sababu yule mama alikuwa ameambiwa na rafiki yake wa zamani kwamba hakuna mahali katika Kenya jua linapotua vizuri kama hapa. Tukawaonyesha mlango tulioujaza mawe. Yule mama aliyagusa yale mawe kwa vidole, akasema si neno. Kisha moshi ukaanza. Walivumilia, Saumu, walivumilia kwa adabu inayoumiza, macho yanatiririka, wanasifu samaki. Kabla ya chakula kwisha yule bwana wa Nairobi alituomba radhi akawapeleka kulala Nanyuki. Asubuhi yake mlima ulitoka mzima, haujawahi kuwa mzuri kama siku ile. Tuliutazama wawili, meza bado haijatolewa vyombo.

Nilimwambia Wamae tuyaondoe yale mawe na kuzibia mlango mpya, turudishe nyumba kama mzungu alivyoiacha. Hakunikasirikia, hajui kukasirika. Alisema hawezi kuuonyesha mlima uso halafu akaupa mgongo, na hata yeye akikubali, nani atamwambia mzee Kingori? Kwa maana wazee sasa huja Jumapili baada ya kanisa, wanasimama katika mlango ule, na wengine wametoka mbali. Hawakohoi, kwa kuwa huja mchana na hawakai. Ni kweli. Hakuna mtu shambani humu atakayeuziba mlango huo kwa ajili ya mtalii. Nyumba ikabaki hivyo, haifai kulala watu wala haiwezi kutengenezwa.

Tangu hapo Wamae akawa akivaa koti lake jeupe la hotelini na kushuka mpaka njia panda, pale barabara ya Nanyuki inapopita. Aliandika kibao, akakipaka rangi, akasimama karibu nacho. Magari ya watalii yanapita kwa kasi, yakielekea kwenye mahoteli makubwa. Yeye anapunga mkono. Madereva wengine wanampungia. Jioni huja kuniambia, leo wamenipungia wengi. Wanawake wa sokoni Naro Moru wakampa jina la Bwana Karibu, na mimi nikipita husikia, "Mama Karibu, leo mko na watu wangapi?" Nami hujibu kwamba tuko na wengi mpaka wanalala jikoni, nikacheka nao, kisha nikifika kichakani nalia kidogo, najipangusa, naenda nyumbani kwa mume wangu ninayempenda.

Kamati ilituita Jumamosi iliyopita. Mavuno ya viazi ni makubwa, hakuna pa kuviweka. Tulijua wanachotaka.

Siku moja kabla ya hapo ndipo nilipoonana na ami Huseni sokoni, anakagua meno ya kondoo, akaniambia habari zako na ujumbe wako. Saumu, nilitoka sokoni nikikimbia. Nilikuwa nikisema peke yangu, wanakuja, wanakuja, mgeni wetu wa kwanza anayekuja kwa kutaka mwenyewe, tena Saumu, aliyepoteza kiatu! Nilijua mzee Kingori anatafuta sababu ndogo tu ya kutuachia nyumba mwaka mmoja zaidi.

Nilipofika njia panda nikamwona Wamae kwa mbali. Gari moja la watalii lilikuwa limesimama. Alikuwa amelikimbilia, ameinama dirishani, mikono nyuma kama wahudumu wanavyofundishwa. Nikasimama nyuma ya miti nisimharibie. Walimuuliza kitu, akaonyesha kidole upande wa Nanyuki. Kisha mzungu mmoja akatoka na kamera, akamwambia asimame wima karibu na kibao, akampiga picha. Akamrekebishia Wamae kofia kichwani, akapiga nyingine. Wakaondoka.

Wamae aliponiona alinikimbilia, akaninyanyua juu. Uso wake uling'aa. Alisema, "Watiri, picha imeenda! Hii uso itaonekana huko Ulaya. Watauliza, huyu ni nani, anakaribisha watu wapi? Watakuja. Ni kungoja tu."

Nilikuwa na habari zako mdomoni. Nikazimeza.

Siku ya mkutano tulikaa kwenye magogo nje ya nyumba. Wamae alivaa koti lile, limepigwa pasi. Ngatia alisema viazi havina muda wa kungoja picha irudi kutoka Ulaya, na watu wakacheka, na mzee Kingori akawanyamazisha. Akasema yeye binafsi angependa kijana huyu apewe muda mwingine, mradi kuwe na kitu cha kushika. Asisikie matumaini, asikie jina la mtu. Kama kuna mtu hata mmoja, kutoka popote, aliyesema kwa kinywa chake kwamba atakuja kulala katika nyumba hii, viazi vitatafutiwa pengine, nasi tutabaki. Wamae akajibu kwamba yeye hana jina ila hajakata tamaa. Mzee akanigeukia mimi. Akasema, "Na wewe, mama, wewe ndiye unaongea na watu. Iko mtu yeyote amekuambia atakuja?"

Wamae alinitazama. Kila mtu alinitazama.

Nikasema hapana.

Hili ndilo nililotaka kukuambia, Saumu, na sijamwambia mtu mwingine duniani. Nilikuwa na jina lako na la Muhammad, majina mawili, na yangetosha kabisa. Nilisema, "Hapana, mzee, hakuna." Nilisema kwa sauti safi, kama nilivyokuwa nikijibu darasani.

Usidhani ni kwa sababu nimeacha kupapenda. Napapenda kuliko mahali popote. Lakini mngekuja nyinyi kwa mapenzi yenu kwangu, mngekohoa fungate nzima, mngenisifia samaki, mkaenda. Na kwa ajili yenu angepewa mwaka mwingine wa kusimama njia panda. Angeniambia kila jioni ni wangapi waliompungia. Baada ya mwaka huo ningetafuta rafiki mwingine wa kuja kwa huruma, na mwaka mwingine baada yake, mpaka lile koti liishe na yeye ndani yake. Alinipa chai kitandani, Saumu. Sikuweza kumtazama akipigwa picha mara nyingine.

Alipokea uamuzi vizuri. Aliwashukuru, akaomba apewe siku ya kusugua sakafu kabla viazi havijaletwa. Aliisugua peke yake, hakutaka nimsaidie. Juzi Ngatia alikuja na misumari na mbao, kwa kuwa viazi vikipata mwanga huwa kijani. Viazi vilipokwisha kuingizwa, na sisi tumeshahamia jiko la nje, alipigilia mlango wetu kutoka nje, na wazee walikuja wakatazama bila kumzuia, kwa sababu viazi ni vyao pia. Ngatia mwenyewe hakufanya mzaha. Alimwuliza Wamae kama atahitaji punda wa kutuhamishia vyombo.

Tutaondoka Jumatano kwenda Mukurweini, kwa baba mkwe. Tumepewa chumba nyuma ya jiko la mama mkwe. Baba mkwe ana ng'ombe wawili wa maziwa na kahawa kidogo, na amesema mikono haitoshi. Kwa hiyo msije, mpenzi wangu. Nendeni kwa ndugu zake Muhammad, au bakini hapo hapo Nyeri mjifungie mlango. Mtu aliyeolewa karibuni hahitaji mahali. Na Wamae akipita kwenu kuwasalimu, kwa maana atapita, usimwambie kamwe kwamba mlitaka kuja. Mwombe na ami Huseni asimwambie. Sijui ningeuweka wapi uso wangu.

Msalimie mama, msalimie ami, na Muhammad ambaye sijamwona lakini namwita shemeji. Siku ya harusi nitakuja hata kwa miguu, nami nitavaa lile gauni la kijani. Nikilia, mtasema ni furaha, na itakuwa kweli.

Nilikuwa nimefika hapa, niandike jina langu nifunge, Wamae akaingia na kuni. Ameuliza namwandikia nani, nikamwambia. Amesema nikuambie usihuzunike kwa ajili yetu, kwa maana amesikia kwa mtu mmoja kwamba huko juu ya Kiriaini kuna maporomoko ya maji, mazuri ajabu, na watu wanayapita tu hawayajui, na karibu yake kuna nyumba tupu. Ameniuliza kama nitakwenda naye kuitazama, tukishatulia kidogo.

Nimesema ndiyo.

Ni mimi rafiki yako akupendaye,
Watiri wa Wamae.